Siku tano chini ya Fish River Canyon: mwongozo kamili wa kujipanga, kuanzia kibali hadi Ai-Ais

Korongo la Fish River liko kusini kabisa mwa Namibia, si mbali na mpaka wa Afrika Kusini. Lina urefu wa kilomita 160 hivi, upana unaofika kilomita 27, na kina cha hadi mita 550. Njia ya miguu inashuka karibu na kambi ya Hobas upande wa kaskazini, inaufuata mto, na kutokea kwenye chemchemi za maji moto za Ai-Ais, kilomita 85 hivi kusini. Wengi huimaliza kwa siku nne au tano. Huko chini hakuna kibanda wala duka, simu haishiki, na hakuna wa kukubebea.

Hilo la kubebewa ndilo msomaji wa Afrika Mashariki anapaswa kulitafakari kwanza. Tukisikia safari ya miguu ya siku tano, akili inakimbilia Kilimanjaro: wagumu, yaani wapagazi, wametangulia na mizigo, mpishi keshainjika sufuria, ukifika hema limesimama. Fish River hema ni lako, jiko ni lako, na maji ya njiani unayabeba wewe. Tena mlimani unaanza kwa kupanda taratibu na kumaliza kwa kushuka. Hapa unashuka kwanza, siku ambayo begi ni zito kuliko siku zote, halafu unakutana na sehemu mbaya kuliko zote ya njia kabla miguu haijazoea. Ndiyo maana mpango huu nimeujenga juu ya maji na kilo. Umbali utajipanga wenyewe baadaye.

Chagua mwezi

Njia hufunguliwa tarehe 1 Mei na kufungwa 15 Septemba. Nje ya miezi hiyo huruhusiwi kushuka, na sababu ipo: majira ya joto ya kule, yaani Desemba hadi Februari, joto chini ya korongo hufika nyuzi 48, na mvua zinazonyesha mbali kaskazini zinaweza kuuleta mto kwa ghafla. Wakenya wanakumbuka Septemba 2019 kwenye korongo la Hell's Gate, pale maji yaliposhuka na kuua watu waliokuwa matembezini. Korongo lolote lenye kuta ndefu lina tabia hiyo.

Ndani ya msimu, kila mwezi una bei yake. Mei mto bado una maji ya kutosha, vidimbwi vimejaa na usiku si wa kutisha, ila kuvuka kunaweza kukulowesha hadi mapajani na mchana jua linaunguza. Juni na Julai mchana ni mzuri sana wa kutembea, lakini usiku baridi inaweza kushuka hadi nyuzi chache tu juu ya sifuri. Agosti joto linaanza kurudi, na maji ya sehemu ya chini yanakuwa machache, ya kijani, na yamekaa mbalimbali. Mimi ningechagua nusu ya pili ya Mei au Juni mwanzoni. Septemba ningewaachia wanaoijua njia.

Kuna jambo moja ambalo sisi tuliozaliwa karibu na ikweta hulisahau: kule Juni siku ni fupi. Jua linachomoza kama saa moja na nusu asubuhi na kuzama kama saa kumi na mbili jioni, na ndani ya korongo kivuli cha kuta kinakuibia zaidi pande zote mbili. Una saa kumi na nusu za mwanga, wala si kumi na mbili. Ukiondoa kupika, kufungasha na mapumziko ya mchana, zinabaki saa sita au saba za kutembea kweli.

Kibali, kundi na daktari

Kibali hutolewa na Namibia Wildlife Resorts, shirika la serikali ambalo kila mtu huliita NWR. Kundi lisipungue watu watatu, na kwa siku moja hawateremki zaidi ya watu 30. Umri wa chini ni miaka 12. Likizo za shule za Afrika Kusini, hasa Juni na Julai, hujaza nafasi miezi mingi kabla, kwa hiyo weka tarehe kwanza ndipo ununue tiketi ya ndege. Ukifanya kinyume utajikuta Windhoek huna pa kwenda.

Utatakiwa pia kuonyesha cheti cha daktari kwamba una afya ya kumudu safari, na cheti hicho kisizidi siku 40 kufikia siku ya kushuka. Hapa ndipo watu wanaojipanga mapema wanapojikwaa: wanapima afya Januari pamoja na kulipa kibali, halafu wanafika Hobas Juni na karatasi iliyokufa. Chapisha fomu ya NWR, ipeleke kwa daktari wiki tatu au nne kabla ya safari, na ujaze kweli. Mwenye pumu, kisukari, shinikizo la damu au goti lenye historia amwambie daktari anachokwenda kufanya, kwa maneno ya wazi: kushuka nusu kilomita kwa mkupuo na begi la kilo 15, kisha siku nne bila hospitali.

Sheria inasema watatu; mimi nasema wanne. Mmoja akivunjika mguu, mmoja anabaki naye na wawili wanakwenda kutafuta msaada. Mkiwa watatu, atakayekwenda kutafuta msaada anakwenda peke yake, na hapo mmekuwa na matatizo mawili. Kubalianeni mapema pia kwamba kundi linatembea kwa mwendo wa aliye wa mwisho. Asiyeweza kuvumilia hilo abaki nyumbani. Hakuna mjadala unaochosha kama ule wa watu wawili wenye kiu wakigombania mwendo.

Kufika

Ukitoka Dar, Nairobi au Kigali utaunganisha ndege hadi Windhoek. Beba kadi ya chanjo ya homa ya manjano, kwa sababu Namibia huidai kwa wanaotoka nchi zenye ugonjwa huo. Masharti ya viza yathibitishe ubalozini. Dola ya Namibia ina thamani sawa na randi, na randi inapokewa nchi nzima.

Kutoka Windhoek hadi Hobas ni kama kilomita 650, kupitia Mariental na Keetmanshoop. Hakuna basi la kukufikisha Hobas, kwa hiyo kodisheni gari. Wanaendesha kushoto kama sisi. Baada ya Keetmanshoop lami inaisha na kuanza changarawe, ambayo inaonekana tulivu hadi unapokanyaga breki kwenye kona. Mwendo wa kilomita 80 kwa saa unatosha. Jazeni mafuta Keetmanshoop, kagueni tairi la akiba, na msiendeshe usiku, maana tandala akisimama katikati ya barabara hana taa.

Kwa kuwa mnaanzia Hobas na kumalizia Ai-Ais, gari litakuwa mahali pasipofaa kwa namna moja au nyingine. Barabara kati ya sehemu hizo mbili ni kama kilomita 70. Kinachonipendeza mimi ni kuliacha gari Ai-Ais na kuchukua usafiri wa kupelekwa Hobas kabla ya kuanza. Ukifika mwisho umechoka, unakuta nguo safi ndani ya buti. Usafiri huo uulizieni mnapolipia kibali, msisubiri kuutafuta siku hiyohiyo.

Mazoezi

Anza wiki nane hadi kumi kabla. Pumzi unazo ukiweza kutembea saa tano bila kulalamika. Kinachoua watu Fish River ni mapaja na magoti kwenye mteremko wa kwanza. Kwa hiyo fanya mazoezi ya kushuka na mzigo. Wa Nairobi wana Longonot na milima ya Ngong, wa Morogoro wana Uluguru, wa Tanga wana Usambara. Asiye na mlima atumie ngazi za jengo refu, asubuhi kabla watu hawajafika kazini. Anza na kilo sita mgongoni, ongeza kidogokidogo hadi ufike 15, na katika mwezi wa mwisho tembea siku mbili mfululizo na mzigo kamili. Siku ya pili ndiyo itakayokuambia kama viatu vyako ni marafiki.

Viatu viwe vikubwa kwa nusu namba kuliko vya kawaida, kwa sababu kwenye mteremko vidole vinasukumwa mbele na kucha hugeuka nyeusi. Kata kucha siku mbili kabla. Viatu vipya ni marufuku.

Pima kila kitu kwa mzani

Chukua mzani wa jikoni na mzani wa mizigo, weka vitu vyote sakafuni, uandike. Usikadirie. Mtu wa kilo 70 abebe si zaidi ya kilo 15 au 16, maji na chakula vikiwemo. Hesabu inayowezekana bila vifaa vya bei mbaya ni hii: begi tupu kilo 1.8, fungu lako la hema 1.2; mfuko wa kulalia 1.2, godoro jembamba la sponji 0.5, nguo za ziada 1.5, jiko, sufuria na gesi 0.9, chakula cha siku sita 3.9, maji lita tatu, kilo tatu, na tochi ya kichwani, dawa, chujio, ramani na vidogovidogo kilo 1.3. Jumla ni 15.3.

Ukizidi, pa kupunguza panajulikana. Nguo ndipo watu wanapojidanganya. Unahitaji suti moja ya kutembelea, moja kavu ya kulalia, sweta au jaketi la joto, soksi jozi tatu, kofia ya pama na kofia ya kuziba masikio usiku. Basi. Mtaungua jua na kunuka wote kwa pamoja, hakuna atakayemcheka mwenzake. Hema mnaweza hata kuliacha, kwani mvua msimu huo ni nadra na wengi hulala chini ya nyota, lakini upepo wa usiku ukianza kumwaga mchanga usoni utalikumbuka.

Kitu kimoja ambacho orodha za Wazungu hazina na mimi sishuki bila hicho ni khanga. Ni gramu chache, na ni taulo, kivuli cha mchana, pazia la kubadilishia nguo, kichujio cha kwanza cha maji yenye matope, na mkono ukiteguka unafungwa shingoni nayo. Wanaume wabebe kikoi kama wanaona haya.

Fimbo mbili za kutembelea si anasa. Zinapunguza kazi ya magoti kwenye mteremko na zinakusimamisha mtoni.

Chakula

Lenga gramu 600 hadi 700 za chakula kikavu kwa mtu kwa siku. Hiyo inakupa kalori kama 2,600 hadi 3,000 ukichagua vitu vyenye mafuta. Mpango ni siku tano, chakula ni cha siku sita. Fungasha kila siku kwenye mfuko wake na uandike namba, usije ukala siku ya nne ukiwa kwenye siku ya pili.

Bahati yetu ni kwamba chakula cha safari tunacho tangu zamani. Tende, karanga, korosho na kashata vinashinda biskuti yoyote ya kifahari kwa nguvu na bei. Uji wa ulezi wenye maziwa ya unga na sukari ni kifungua kinywa cha dakika tano. Chapati kavu zinadumu siku mbili tatu katika ukame ule. Ugali, kwa kweli, ningeuacha: unakula gesi, unakula maji ya kuoshea sufuria, na unamchosha msongaji. Tambi za haraka au couscous vinaiva kwa maji yaliyochemka tu. Dagaa ni wepesi na wana protini, lakini wafunge vizuri, nyani wana pua. Nyama ya kukausha, biltong, utaipata kila duka la Namibia, na ni bora kuliko ya kubeba kutoka nyumbani ambayo forodha wanaweza kuichukua.

Mitungi midogo ya gesi hairuhusiwi kwenye ndege, nunueni Windhoek. Msitegemee kuni, moto wa kuni korongoni hauruhusiwi.

Maji

Fish River ndio mto mrefu kuliko yote inayopita ndani ya Namibia, karibu kilomita 650, lakini hautiririki mwaka mzima. Mvua zikiisha unabaki mlolongo wa vidimbwi. Juu yake kuna bwawa la Hardap karibu na Mariental, na lile kubwa zaidi la Neckartal karibu na Keetmanshoop, kwa hiyo maji utakayoyakuta hayategemei mvua peke yake. Maelezo ya mtu aliyepita miaka mitano iliyopita yachukue kama hadithi nzuri. Habari unayoitaka ni ya wiki hii: waulize askari wa Hobas maji yamefika wapi, na mkiacha gari Ai-Ais tafuteni kundi lililotoka siku hiyo muwaulize kidimbwi cha mwisho kilikuwa wapi na kiko katika hali gani. Dakika kumi za mazungumzo hayo zina thamani kuliko ramani.

Kila mtu awe na uwezo wa kubeba lita tano, hata kama siku nyingi atabeba tatu. Mteremko wa kwanza hauna tone la maji, kwa hiyo lita tatu ni lazima. Hapo chini, kanuni ni kunywa hadi ushibe kwenye kidimbwi, ujaze, ndipo uondoke. Kadiria lita tatu hadi nne kwa siku, zaidi kukiwa na joto. Mkojo ukiwa wa rangi ya chai umechelewa. Na usinywe maji matupu tu siku nzima ukitoka jasho. Changanya pakiti ya ORS moja au mbili, au hakikisha unakula vitu vyenye chumvi, kwa sababu mwili uliojaa maji bila chumvi nao unazimia.

Kusafisha maji ni lazima, kwa kuwa nyani, farasi mwitu na punda milia wa milimani wanakunywa humohumo na kuacha samadi kandoni. Mfumo ninaoupendelea ni hatua mbili: chuja kwa khanga iliyokunjwa mara nne kuondoa matope, kisha pitisha kwenye chujio dogo la mkononi. Vidonge vya klorini kama WaterGuard viwe akiba, na soma pakiti vizuri: vingi vinavyouzwa kwetu vimepimwa kwa ndoo ya lita 20, na kidonge kizima kwenye chupa ya lita moja hakifai. Tafuta vya lita moja. Subiri nusu saa, maji yakiwa ya baridi subiri zaidi. Klorini haiui vijidudu vyote vya kinyesi cha wanyama, ndiyo sababu chujio linatangulia. Kuchemsha kunaua kila kitu ila kunamaliza gesi.

Siku kwa siku

Siku ya kwanza ni fupi kwa makusudi. Sehemu ya kushukia iko kama kilomita 10 kutoka kambi ya Hobas, kwa hiyo panga usafiri wa kufika hapo mapema. Juu kabisa kuna minyororo ya kushikilia. Shuka kwa hatua fupi, magoti yamelegea, begi limebanwa kiunoni. Acheni nafasi kati ya mtu na mtu, na anayelegeza jiwe apige kelele papo hapo. Mtu wa kawaida huchukua saa mbili hadi tatu. Mkifika chini miguu itakuwa inatetemeka. Kaeni, kuleni, muingie majini. Kisha sogeeni kilomita mbili tatu tu na mlale. Wanaojilazimisha kufika Palm Springs siku hiyo ndio wanaoteguka.

Siku ya pili ni mawe. Mawe makubwa kama pikipiki, mchanga unaomeza kifundo, kisha mawe tena. Umbali hadi Palm Springs, kuanzia mwanzo wa njia, ni kama kilomita 15, lakini mwendo ni wa kilomita moja na nusu kwa saa, pengine mbili. Tafuta ukingo ulio na nyayo, vuka mto mapema kuliko kung'ang'ania upande mmoja hadi ukuta ukuzuie. Palm Springs utaijua kwa harufu ya salfa kabla ya kuiona mitende. Maji yanatoka ardhini yakiwa na nyuzi kama 57, yanababua. Ogea pale yanapochanganyika na ya mto. Kuna hadithi kwamba mitende ile ilitokana na kokwa za tende walizotupa Wajerumani waliojificha pale wakati wa Vita Kuu ya Kwanza. Iwe kweli au la, kivuli chake ni cha kweli.

Hapa ndipo pa kukaa na kuamua. Palm Springs ina njia ya dharura ya kupanda kutoka korongoni, na baada ya hapo hakuna nyingine hadi uko karibu na mwisho. Kabla ya kuondoka asubuhi ya siku ya tatu, kila mtu avue viatu, aonyeshe miguu, aseme hali ya magoti na tumbo lake bila ushujaa. Mwenye lengelenge lililopasuka kisigino na kilomita 70 mbele yake hana cha kuthibitisha kwa mtu. Njia hiyo ya kutokea ni ndefu, kali na haina maji, kwa hiyo atokaye aianze alfajiri, na asitoke peke yake.

Siku ya tatu korongo linafunguka. Kuta zinasogea mbali, ardhi inakuwa ya kokoto ngumu, na mtu anaweza kutembea kilomita tatu au nne kwa saa. Kilomita 20 na zaidi zinawezekana. Mto unaanza kujipinda, na njia za mkato zinakatiza pindo kwa kupanda vilima vidogo. Mkato unaokoa saa, lakini unakuondoa kwenye maji, jaza kabla. Mlima bapa uitwao Table Mountain unakusindikiza muda mrefu siku hii.

Siku ya nne mnapita Three Sisters na kuukaribia mwamba wa Four Finger Rock. Lengeni kufika jioni mkiwa mmebakiza kama kilomita 20 hivi. Mbele yake kuna kaburi la Luteni Thilo von Trotha, ofisa wa Kijerumani aliyeuawa mwaka 1905 Wanama walipoinuka dhidi ya Wajerumani. Mwaka huohuo, kwa mtawala huyohuyo, Maji Maji ililipuka kusini mwa Tanganyika. Inafaa kusimama kidogo hapo, ukijua kwamba kaburi lenye jina ni la upande mmoja tu.

Siku ya tano ni ndefu na ya kuchosha akili zaidi ya miguu, kwa sababu mtu huanza kusikia harufu ya chakula cha kambi kilomita 15 kabla. Maji ya sehemu hii ndiyo mabaya kuliko yote mwisho wa msimu. Njia ya pili ya dharura iko huku. Kama mmechoka, gaweni siku hii mara mbili. Ile siku ya sita ya chakula ndiyo kazi yake. Mwaka 2012 Ryan Sandes wa Afrika Kusini alikimbia njia hii kwa chini ya saa saba, habari ambayo haiwahusu kabisa nyinyi wenye mabegi.

Kulala, kuvuka, na mambo ya faragha

Lala juu ya mchanga ulioinuka, mbali na mkondo. Tazama matawi ya miti ya kando: majani makavu na takataka zilizonasa juu zinakuonyesha maji yaliwahi kufika wapi. Chakula kiingie ndani ya hema au kining'inizwe, kwa ajili ya nyani. Nge wapo wengi na wengine ni wa hatari, kwa hiyo viatu vikung'utwe kila asubuhi na usiku usiende pekupeku hata kwa hatua tatu. Kifutu hupenda kulala kwenye kivuli cha jiwe. Usitie mkono usipopaona.

Kuvuka mto, fungua mkanda wa kiunoni ili begi likikuangusha uweze kulivua, elekea mkondo unakotoka, na usivuke kwa miguu mitupu. Maji yakizidi mapaja na yana kasi, rudi utafute pengine.

Choo ni shimo la sentimita 15 hadi 20, hatua mia kutoka majini. Karatasi unarudi nazo kwenye mfuko. Anayechamba kwa maji achukue chupa yake pembeni. Kuchamba au kuoga kwa sabuni kidimbwini ni kuwanywesha wenzako walio nyuma. Wanaoswali watapunguza swala kama wasafiri, na maji yakiwa ya kunywa tu tayamamu inatosha, mchanga hauishi. Kibla kutoka kule ni kaskazini, ukiegemea kidogo mashariki.

Dharura

Kodisheni au nunueni kifaa cha ujumbe wa setilaiti, na mkijaribishe nyumbani kabla. Bima iwe inayotaja kwa maandishi uokoaji kwa helikopta na matembezi ya kubeba mizigo; bima nyingi za tiketi ya ndege hazigusi hayo. Mwachie mtu wa nyumbani tarehe ya kutoka na saa ya kuanza kuhangaika, kwa mfano saa kumi na mbili jioni ya siku ya sita, pamoja na namba ya NWR.

Sanduku la dawa lisiwe kubwa: plasta nyingi, selotepu ya kitambaa kwa malengelenge, bandeji ya kuteguka, dawa ya maumivu, ya kuhara na ya mzio, ORS, kibano na losheni ya jua. Mtu akianza kuongea ovyo, ngozi ina moto na anayumba, ni kiharusi cha joto. Mtie kivulini, mloweshe mwili mzima, mpepee kwa khanga, tuma ujumbe. Msisubiri apate nafuu ndipo muamue.

Mkifika Ai-Ais ripotini mapokezi kwanza kwamba mmetoka wote, la sivyo mtatafutwa huku mkiwa mnaogelea. Nafasi ya kulala usiku huo iwe imelipiwa pamoja na kibali, kwa sababu kuendesha kilomita 650 kurudi Windhoek na miguu ile, tena giza likiwa limeingia, ni hatari kuliko chochote mlichokipita chini.